UZI: Nilipasua mlango wa nyuma wa HiAce niweke milango miwili. Yaliyonikuta haya hapa

Baharia wa Sahare

Habari za mida hii wadau. Niliahidi nikianza kazi ya mlango wa nyuma wa kinyumba changu cha magurudumu nitakuja kusema yote, pamoja na aibu zake. Kazi bado inaendelea, nitakuwa naandika hatua kwa hatua. Picha baadaye, simu yenye kamera nzuri iko kwa mwanangu na yeye ana mitihani.

Gari ni Toyota HiAce dizeli, ile bodi ambayo Toyota walianza kuitoa 1989. Kabla haijawa yangu ilikuwa daladala hapa hapa Tanga, imewabeba watu wa Pongwe mpaka sakafu ikaisha. Nimeng'oa viti, nimelaza plaiwudi, nimeweka kitanda, kabati, jiko la gesi na dumu la maji la lita 40. Tunalala mimi, mama watoto na watoto wawili, kwa kubanana. Nia ilikuwa tuweze kwenda Pangani au Lushoto bila kuuliza bei ya chumba.

Sasa mlango. HiAce hii nyuma ina mlango mmoja mpana unaonyanyuka juu. Raha yake naijua: ukishaunyanyua umepata kibaraza, jua halikupigi, rasharasha haikukuti, jiko unaliweka chini yake. Lakini zile shokapu mbili zinazoushikilia zimepimwa kwa uzito wa mlango mtupu. Mimi nikaubandika plaiwudi kwa ndani, nikapigilia rafu ya viungo, na nje nikaning'iniza tairi la spea. Siku moja pale Raskazone shemeji yangu ameinama anaparua samaki, mlango ukaanza kushuka taratibu kama mtu anayesinzia, halafu mwishoni ukajiachia wote. Nundu aliyoipata ilikuwa saizi ya limau. Tangu siku hiyo akija anakaa mbele kwa dereva, hata kama gari limezimwa.

La pili ndilo lililoninyima usingizi. Mlango ule ukiwa ndani huufungui, kitasa kiko nje tu. Na mlango wa pembeni wa kuburuza una tabia ya kugoma. Nikajiuliza, usiku jiko likishika moto hawa watoto wanatokea wapi? Hapo nikaamua: milango miwili ya kufunguka kushoto na kulia kama kabati, kitasa ndani na nje.

kibatari

Natandika mkeka hapa. Ila kaka ungenunua shokapu mpya tu yangeisha.

Baharia wa Sahare

Nilinunua, mtumba, zikadumu wiki tatu. Na kitasa cha ndani je? Shokapu haimtoi mtu kwenye moto.

Naendelea. Fundi wa kwanza (simtaji, tulishapatana) alikuwa na wazo lililosikika rahisi: mlango huu huu tuupasue katikati kwa grenda, kila nusu iwekewe bawaba zake, kazi imekwisha. Nikakubali kwa sababu bei ilikuwa ya chini. Wazo lilikuwa na makosa matatu na mimi sikuona hata moja.

Kwanza kioo. Kioo cha nyuma cha gari si sawa na cha dirisha la nyumba. Kimeshapikwa kiwandani kikawa kigumu, hakikatiki tena. Ukikigusa na grenda kinasambaratika chote chembe chembe kama chumvi ya mawe. Ikabidi king'olewe kizima. Nimekiuza kwa mwenye daladala, angalau hicho kilinilipa.

Pili, mlango wenyewe una tumbo. Itazameni HiAce kwa ubavu, nyuma haikusimama kama ukuta, imejipinda. Bawaba nazo zinataka kukaa kwenye mstari mmoja ulionyooka. Ya juu ikiingia ndani kuliko ya chini, mlango unapofunguka unalala upande, bawaba zinavutana, na baada ya safari mbili moja inakatika.

La tatu ndilo la aibu. Siku ya kuchomelea, tairi la nyuma la kushoto lilikuwa kwa fundi pancha. Gari limekaa juu ya jeki na tofali. Milango ikapachikwa, ikafunga vizuri kabisa, tak! Nikapiga picha nikamtumia mama watoto. Tairi likarudi, jeki ikatolewa, bodi ikatulia chini, milango ikakataa kufunga. Juu imegusana, chini inapita kidole gumba.

Grenda la Ngamiani

Nimecheka mpaka mteja kaniuliza kulikoni.

Mkuu, bodi ya gari ni sanduku la bati, na lile tundu la nyuma ndilo sehemu legelege kuliko zote. Ukiinua kona moja, tundu linakaa mshazari. Kabla ya kuwasha mashine unachukua tepu unapima kona kwa kona: juu kushoto mpaka chini kulia, halafu juu kulia mpaka chini kushoto. Vipimo vikilingana endelea. Vikipishana sentimita moja, zima mashine kanywe chai. Na gari lisimame kwa matairi yake yote manne, sakafu ya saruji, likiwa na mzigo wake: kitanda, maji, mtungi. Springi zikilala na bodi inajipanga upya.

Halafu niambie ukweli, waya wa hasi wa betri ulitoa kabla ya kuchomelea?

Baharia wa Sahare

Hatukutoa. Oltaneta ilinusurika, Mungu ni mwema. Vipimo hatukupima pia. Fundi wa pili alipokuja kupima, kona na kona zilipishana milimita 14.

kibatari

Milimita 14 hahaha. Hiyo ni dirisha.

Baharia wa Sahare

Cheka tu. Tuliilazimisha milango ifunge. Nyundo, msumeno, raba ya mlango wa gari la Noah ya mtumba tukaikunja mara mbili ijaze pengo. Kwa macho ilionekana imeziba. Tukaondoka kwenda Lushoto.

Kutoka Mombo ni kupanda tu, kilomita 30 na ushei, kona juu ya kona. Gari linakoroma gia ya pili. Madirisha ya mbele tumefungua kwa ajili ya joto. Tulipofika kama katikati, mdogo akasema kichwa kinamuuma. Nikadhani ni kona. Mama watoto akageuka nyuma akasema, "Baba, hili shuka si lilikuwa jeupe?" Shuka lilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Na pale milango miwili inapokutana palikuwa na mstari mweusi umechorwa toka juu mpaka chini, mwembamba, kama wanja. Masizi. Nikasimama, tukashuka wote, mtoto akatapika kwenye mfereji.

Dada wa Pongwe

Jamani! Mtoto yuko salama?

Baharia wa Sahare

Yuko salama dada yangu, ahsante kwa kuuliza. Alipopigwa na hewa ya mlimani nusu saa akaomba ndizi. Lakini njia iliyobaki tulisafiri mlango wa pembeni ukiwa wazi nusu, na mimi nimeshika usukani huku nimekunja roho.

Msafiri Mkavu

Hapa naomba utani usimame kidogo, maana wanaotengeneza magari ya kulala wanakuwa wengi na hili hawaambiwi.

Gari likikimbia linapasua hewa, na nyuma yake panabaki kama shimo lenye mgandamizo mdogo. Moshi wa bomba hauendi zake moja kwa moja, unazunguka humo humo nyuma ya mlango. Ukiwa na mwanya, unanyonywa kuingia ndani. Ukifungua madirisha ya mbele ndiyo unaongeza, kwa sababu hewa ya ndani inavutwa kutoka mbele na nyingine inaingia kupitia nyuma kujaza nafasi. Ukikutwa na hali hiyo na huna pa kusimama, washa feni ya dashibodi ya hewa ya nje mpaka mwisho, ili hewa ndani ijae na isukume kwenda nje.

Masizi ni bahati, yamekuonyesha. Kilichomuumiza mtoto kichwa huenda ni kile ambacho hakionekani. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Dizeli inatoa kidogo kuliko petroli, lakini watoto wamelala nyuma karibu na mwanya, hicho kidogo kinawatosha. Mtu anasinzia, mnadhani ni uchovu wa safari.

Kwa hiyo mlango wa nyuma kwenye gari la kulala usiupime kwa maji tu. Upime kwa moshi. Na bomba lenyewe lirefushwe lipite ukingo wa bampa, lisiishie chini ya sakafu kama za daladala nyingi.

Grenda la Ngamiani

Hapo umesema. Daladala nyingi bomba limekatika katikati na konda hajui.

Mwana wa Kaole

Asalaam aleikum. Mimi ni seremala, niko Bagamoyo. Gari silijui ila milango naijua, naomba niseme neno.

Ukipita Mji Mkongwe huku kwetu, na huko kwenu Tanga kwenye nyumba za zamani, tazama mlango wa pande mbili. Katikati utaona mti umesimama toka juu mpaka chini, umechongwa nakshi. Wageni wanadhani ni pambo. Ule ni mfaa. Umepigiliwa kwenye upande mmoja tu, na umetokeza ukafunika mshono na ukingo wa upande wa pili. Bila mfaa mvua ya masika ikisukumwa na kusi inaingia mpaka ukumbini, na mwizi anapenyeza kisu ananyanyua komeo.

Gari lako halina mfaa. Milango imekutana ncha kwa ncha, halafu unataka raba ijaze pengo. Raba haifanyi kazi ya kujaza. Raba inataka ikandamizwe. Weka ubapa wa chuma wa upana wa vidole vitatu kwa nje, ufunike mshono wote, na raba ilale chini yake.

Baharia wa Sahare

Fundi, sijui nikushukuruje. Nilisoma ujumbe wako saa tano usiku, asubuhi nikaenda kusimama mbele ya nyumba moja ya zamani Ngamiani nautazama mlango mpaka mwenye nyumba akatoka kuniuliza nadai nini.

Ikawa hivi: nikaacha kabisa ule mlango uliopasuliwa. Fundi wa pili akatengeneza fremu mpya ya skwea paipu ya milimita 25 kwa 25, imesimama wima ndani ya lile tundu, na lile tumbo la bodi likazibwa kwa bati pembeni. Ndani ya fremu ndiyo tukatundika milango miwili iliyonyooka. Kwa umbo gari limepoteza urembo, nyuma limekuwa kama friji. Lakini sasa bawaba zina mahali pa kusimama.

Kuhusu bawaba nimejifunza kitu kimoja kizuri sana. Kila mlango una tatu, zile za geti, za chuma, unazichomelea. Fundi hakuzichomelea moja moja. Alizitoa pini, akapitisha nondo moja iliyonyooka kwenye zote tatu, akaisimamisha kwa timazi, ndipo akazishikiza kwa nukta nukta. Akatoa nondo, akarudisha pini, akafungua na kufunga mara kama ishirini. Ulipokubali bila kulalamika ndipo akamalizia. Na hakuchomelea mstari mzima kwa mpigo. Hapa sentimita mbili, anahamia kona nyingine, anarudi. Bati la gari ni jembamba, moto ukikaa mahali pamoja linajikunja kama chapati.

Grenda la Ngamiani

Huyo ni fundi. Ongeza moja: bawaba za geti za kuchomeka zinanyanyuka. Kwenye barabara ya vumbi, mlango utaruka ruka mpaka uchomoke kwenye pini, au mwenye tamaa aje aunyanyue tu usiku aondoke nao. Ama moja kati ya tatu iwe imegeuzwa kichwa chini, ama pini itobolewe juu upitishe pini ya kufungia. Kama ulikuwa unachomelea bati lenye zinki, ulilisaga kwanza? Moshi wa zinki unaleta homa.

Baharia wa Sahare

Moja imegeuzwa. Zinki ilisagwa, na tulifanyia kazi uani upepo ukipita.

Sasa njooni kwenye mfaa. Nilipoenda kuutazama ule wa Ngamiani, niliona umepigiliwa kwenye upande wenye makomeo, ule unaotangulia kufungwa. Nikamwambia fundi afanye vile vile. Akafanya. Tukapiga rangi, tukatia raba, pazuri. Nikafunga upande wa kwanza, nikaweka makomeo juu na chini kwa ndani. Nikatoka nikafunga upande wa pili wenye kitasa. Haufungi. Unagonga mfaa.

Tukagundua ili ifunge, lazima uanze upande wenye kitasa, halafu umalizie na upande wenye makomeo. Na makomeo yako ndani. Maana yake mtu wa mwisho kufunga anabaki ndani ya gari na kutoka inabidi apite dirishani. Mwanangu akajitolea kuwa huyo mtu, siku ya kwanza aliona ni mchezo.

kibatari

Nimelia. Kweli nimelia.

Mwana wa Kaole

Kosa ni langu ndugu yangu, sikukuuliza mlango wako unafunguka wapi. Mlango wa nyumba ya mjini unafunguka kwenda ndani. Kwa hiyo mfaa uko upande unaotangulia, na wa pili unakuja kwa ndani unajilaza nyuma ya mfaa. Wako unafunguka nje. Kila kitu kinageuka: mfaa unahamia upande unaofungwa mwisho, ili ushuke juu ya mwenzie kama kifuniko cha kawa juu ya sahani.

Baharia wa Sahare

Ndivyo ilivyo sasa. Ilibidi kusaga ubapa wote, kuhamisha, kupiga rangi upya. Lakini mambo yakakaa. Upande wa kushoto unatangulia, una komeo juu na chini. Wa kulia unafuata, mfaa unamfunika mwenzie, kitasa kinavuta vyote viwili pamoja.

Mzee wa Kusi

Vijana mmehangaika. Sisi zamani gari la kuuzia samaki tulipasua mlango kwa mlalo. Nusu ya juu inanyanyuka, nusu ya chini inalala kama meza. Kivuli unabaki nacho, meza unaipata. Hii ya kabati upepo ukija unaipigapiga kama sikio la tembo.

Baharia wa Sahare

Shikamoo mzee. Wazo lako nalipenda na kama ningekuwa nafanya biashara ningelichukua. Ila nusu ya chini ikilala meza, nyuma pale mtoto hatoki mbio, lazima aruke. Na mshono wa mlalo unatega maji, wa wima maji yanapita yanakwenda zake.

Kwenye upepo uko sahihi. Siku ya kwanza Raskazone kusi iliupiga mlango wa kulia ukanifuata kisogoni. Sasa kila mlango una ndoano inayoushika ubavuni mwa gari ukifunguka wote, na mnyororo mfupi wa kuushika ukifunguka nusu. Ndoano ya chuma ndani ya mpira wa baiskeli ili isikwangue rangi.

Mzee wa Kusi

Marahaba. Na mshono tia kalafati, yaani pamba na sifa, yale mafuta ya papa. Majahazi yanavuka mpaka Pemba kwa pamba na sifa.

Mwana wa Kaole

Mzee wangu, kalafati ni ya mbao. Mbao ikilowa inavimba inaikumbatia pamba, ndipo inaziba. Bati halivimbi. Pamba itakaa na maji ya chumvi ndani, mwaka haufiki bati limekuwa chujio. Na sifa inanuka, watoto hawatalala.

Mzee wa Kusi

Harufu ya sifa ndiyo harufu ya bahari. Haya.

Dada wa Pongwe

Naomba kuuliza kuhusu kutu. Mimi nina Noah, niko karibu na bahari, chini ya mlango wa nyuma panaliwa kila mwaka. Napiga puti, napiga rangi, miezi sita pamefumuka.

Grenda la Ngamiani

Dada, kutu inayofumuka kwa nje imeanzia ndani. Chini ya kila mlango wa gari kuna matundu madogo ya kutolea maji. Maji yanayopita kwenye kioo yanatakiwa kutokea hapo. Ukipiga puti umeyaziba, au tope limeyaziba. Maji yanakaa ndani ya mlango kama kwenye mtungi. Zibua matundu kwanza. Halafu kata bati lililooza lote mpaka ufike zima, chomelea kipande, ndani yake nyunyiza mafuta mazito au nta ya bodi, ndipo urudi nje na praima ya zinki.

Puti si bati. Puti inanyonya maji.

Na Baharia, hiyo milango yako ya skwea paipu, matundu uliweka?

Baharia wa Sahare

Niliweka matatu kila mlango, chini. Na bati la nje la aluminiamu nililokuwa nalitamani niliachana nalo. Fundi aliniambia aluminiamu ikifungwa kwenye chuma na hewa hii ya chumvi, aluminiamu inaliwa pale vinapogusana, ribiti zinaanza kutoa unga mweupe. Kama huna budi, uweke mpira au rangi nene katikati, na mimi nilijua nitasahau sehemu moja.

Kitasa cha ndani: ni kitasa cha mlango wa mbele wa gari lililochinjwa, kimeunganishwa kwa waya wa breki ya baiskeli unaopita ndani ya paipu. Mtoto wa miaka sita anauvuta kwa mkono mmoja. Na makomeo ya upande wa kushoto yana kishikio kirefu kilichopakwa rangi nyekundu, tumeshafanya mazoezi gizani mara tatu. Mara ya kwanza walitumia dakika nzima kwa sababu walikuwa wanacheka. Mara ya tatu, sekunde chache tu wako nje.

Waya wa taa ya namba unapita kwenye bomba la mpira karibu na bawaba, na nimeuachia mkunjo, maana waya ulionyooka hukatika pale pale mlango unapojikunja. Kuna jambo sikulifikiria mapema: milango ikifunguka yote inafunika taa za nyuma. Usiku mtu anayekuja haoni kitu. Nimebandika vipande vya kuakisi mwanga kwenye kingo za ndani, na pembetatu naiweka nyuma kila nikisimama.

Msafiri Mkavu

Mtungi wa gesi umekaa wapi?

Baharia wa Sahare

Kabatini upande wa kulia, karibu na mlango. Kabati halina uwazi kwenda ndani, lina tundu kwenye sakafu linalotokea chini ya gari.

Msafiri Mkavu

Safi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inashuka. Wanaoweka tundu la hewa juu ya kabati wanajidanganya. Hakikisha tu tundu hilo haliko jirani na bomba la moshi, usije ukatibu jicho ukapofua sikio.

kibatari

Na trafiki je? Si watakuuliza nyuma kulikoni?

Grenda la Ngamiani

Kadi ya gari imeandikwa aina ya bodi na rangi. Ukibadilisha, nenda Mamlaka ya Mapato (TRA) mapema ukaulize taratibu, usingoje kuulizwa barabarani. Namba isomeke, taa ziwake, kingo zisiwe kali za kumchana mtu. Mfaa wako huo ncha zake umezisaga duara?

Baharia wa Sahare

Zimesagwa. Nilimaliza kwa msasa mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye nitakayeugonga kwa goti kwanza.

Sasa majaribio. La kwanza la noti. Unafungia noti ya elfu moja kwenye raba, unaivuta. Ikitoka kwa shida, raba imekandamizwa. Ikitoka kama inatelezea siagi, hapo pana mwanya. Nimezunguka milango yote miwili kila baada ya shubiri moja. Sehemu mbili zilikuwa legelege, tukasogeza kishikio cha kitasa kwa kuweka washa moja nyuma yake.

La pili la chaki. Paka chaki kwenye raba, funga, fungua, tazama mstari uliobaki kwenye fremu. Ulipokatika ndipo raba haijagusa.

La tatu la moshi. Jioni, gari limezimwa, madirisha yamefungwa, nikawasha udi ndani kwenye chetezo mpaka gari likajaa. Mimi nje na tochi nazunguka. Mama watoto alisema angalau safari hii nimepoteza udi na si shuka. Kwenye mshono wa mfaa hapakutoka hata uzi mmoja. Baadaye nimeendesha mpaka Muheza na kurudi, kitambaa cheupe nimekitundika kwa ndani kwenye mshono. Kimerudi cheupe.

La nne la maji ndilo limenishinda. Mama watoto anamwaga ndoo toka juu ya gari, mimi niko ndani. Kote pakavu, isipokuwa kona ya juu kulia: tone, subiri, tone. Nimebadili raba, nimepaka silikoni, bado. Hilo ndilo jambo dogo lililobaki.

Grenda la Ngamiani

Raba ni kipande kimoja kinazunguka mlango wote?

Baharia wa Sahare

Ndiyo. Kimoja kila mlango.

Grenda la Ngamiani

Maungio yake, pale mwanzo na mwisho vinapokutana, umeyaweka wapi?

Baharia wa Sahare

Kona ya juu. Ndipo nilipoanzia kugundisha, nimesimama ndiyo mkono unafika vizuri.

Grenda la Ngamiani

Yashushe chini, katikati ya ukingo wa chini. Raba ikate ndefu kidogo kuliko kipimo ili ncha zisukumane zenyewe, zisiachane ikisinyaa na jua. Futa gundi ya zamani kwa petroli, acha pakauke, ndipo ugundishe.

Baharia wa Sahare

Samahani nimechelewa kurudi, tulikuwa na msiba Duga.

Nimeyashusha leo asubuhi. Mama watoto kamwaga ndoo nne, na ya tano kaniongezea kwa hasira zake mwenyewe. Ndani pakavu.

Fundi wa Kaole, mwezi ujao tukijaliwa tunakuja Bagamoyo kwa gari hili, nikutembelee unionyeshe hiyo milango ya Mji Mkongwe na majina ya vipande vyake vilivyobaki. Shemeji naye anakuja. Ameshasema anakaa mbele.

Mwana wa Kaole

Karibuni sana. Mwambie shemeji huku kwetu milango inafunguka kwenda ndani.